Pumzi, Deni na Lulu: Historia ya Upigaji Mbizi wa Bahrain hadi Leo

Katika maji ya kina kifupi yaliyo kaskazini mwa kisiwa cha Muharraq, nchini Bahrain, bado wapo watu wanaoshuka hadi sakafu ya bahari kutafuta lulu za asili, ingawa biashara iliyowalisha babu zao iliporomoka miaka mingi kabla wao hawajazaliwa. Wengine hujifunga mitungi ya hewa mgongoni, na wengine huzamia kwa pumzi moja kama ilivyokuwa desturi ya Ghuba kwa karne nyingi. Kazi yao ya leo ina leseni, ina kikomo cha idadi ya chaza wanaoruhusiwa kuchukuliwa, na ina maabara ya kisasa ya kupima lulu zinazokwenda sokoni. Lakini jambo linaloitenga zaidi na kazi ya zamani si leseni wala maabara, bali ni jibu la swali la kale ambalo wapiga mbizi wengi walikufa bila kutendewa haki juu yake, nalo ni kwamba lulu ikishatolewa baharini huwa mali ya nani.

Chaza ni mnyama wa majini mwenye mwili laini uliofunikwa kwa makombe mawili, na anapovamiwa na kimelea au kuumia kwa ndani, mwili wake hujikinga kwa kukizungushia kile kinachomuudhi tabaka juu ya tabaka za madini yaleyale yanayolifanya kombe lake ling'ae upande wa ndani, na tabaka hizo zikirundikana kwa miaka, lulu hutokea. Imani iliyoenea kwamba kila lulu huanza na punje ya mchanga haina msingi imara, kwa sababu chaza huishi katikati ya mchanga siku zote na hujua kuutoa. Chaza anayetafutwa zaidi katika maji ya Bahrain ni mdogo, wa jamii ambayo wataalamu huiita Pinctada radiata, na walio wengi hufunguliwa bila kukutwa na kitu chochote cha thamani. Lulu ya kufugwa, kwa upande wake, hupatikana mtu anapompasua chaza kidogo, akamtia kipande cha kombe kilichochongwa pamoja na nyama ya chaza mwingine, kisha akamrudisha majini na kumngoja. Hiyo nayo ni lulu kwa maumbile yake, ila imeanzishwa kwa mkono wa mtu, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuamua riziki ya maelfu ya familia za Ghuba katika karne ya 20.

Ukongwe wa kazi hii hauna shaka. Katika kisiwa cha Marawah, karibu na Abu Dhabi, wanaakiolojia walifukua lulu iliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 8,000, na habari zake zikatangazwa mwaka 2019. Naye Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikitaja kisiwa cha Tylos, ambalo ni jina la kale la Bahrain, kuwa mashuhuri kwa wingi wa lulu. Ushahidi wenye uzito zaidi kwa historia hii umetoka kwa Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alipoieleza Ghuba, Ibn Battuta hakuishia kwenye kamba iliyofungwa kiunoni mwa mpiga mbizi na kibanio cha pua kilichotengenezwa kwa gamba la kasa, bali aliongeza kwamba mtawala alichukua fungu lake la tano, na lulu zilizosalia zikanunuliwa na wafanyabiashara ambao wengi wao walikuwa wanawadai wapiga mbizi wenyewe, hivyo lulu zikaishia kuwa malipo ya deni. Utaratibu aliouona katika karne ya 14 ulidumu, kwa sura zinazofanana sana, hadi enzi ya umeme na magari.

Msimu mkuu uliitwa al-ghaws al-kabir, yaani upigaji mbizi mkubwa, nao uliendelea kwa takriban miezi minne ya joto kali, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Siku moja maalumu majahazi yalitweka tanga kwa pamoja, wanawake na watoto wakiwa wamejaa ufukweni, na siku nyingine, msimu ulipofungwa, yalirejea kwa pamoja vilevile. Kila chombo kilikuwa na nahodha, ambaye ndiye aliyechagua fungu la bahari la kutia nanga, na chini yake walikuwapo wapiga mbizi, kila mmoja akiwa na mvutaji wake, yaani mtu aliyebaki chomboni kushika kamba. Walikuwapo pia vijana wasaidizi, wavulana wadogo wa kutumwa kahawa na maji, na mwimbaji aliyeitwa nahham, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza nyimbo za kuvuta makasia, kung'oa nanga na kutweka tanga. Mafungu ya chaza huitwa hayr, na manahodha hodari waliyajua kwa rangi ya maji, kwa nyota na kwa kuonja mchanga uliopandishwa na bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina.

Vifaa vya mpiga mbizi vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake. Alibana pua kwa kibanio cha pembe au cha gamba la kasa, akavisha vidole vyake vifuko vya ngozi ili visichanwe na makombe na matumbawe, akavaa shingoni kikapu cha wavu wa kamba, na pale ambapo konyeza walikuwa wengi alijifunika mwili mzima kwa vazi jepesi la pamba ili wasimchome. Kamba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilifungwa jiwe zito lenye kitanzi ambamo mpiga mbizi alitia mguu, na kwa uzito wa jiwe hilo alishuka haraka bila kupoteza nguvu za kuogelea. Mara alipogusa chini aliutoa mguu, na mvutaji akalipandisha jiwe papo hapo. Kamba ya pili ilibaki kwake, naye akitambaa juu ya sakafu ya bahari akibandua chaza na kuwatia kikapuni kwa muda wa dakika moja au zaidi kidogo, mpaka pumzi ilipokaribia kumwishia, ndipo akaitikisa kamba, na mvutaji akaivuta kwa mikono yote miwili bila kusita. Uhai wa mmoja ulikuwa mikononi mwa mwenzake kwa maana halisi ya maneno hayo, kwa sababu mvutaji aliyezubaa, hata kwa kugeuza shingo kuzungumza na mtu, aliweza kumuua mwenzake. Kina cha kawaida kilikuwa pima chache tu, ingawa wapo walioshuka hadi pima 10 na kuzidi, na mpiga mbizi mmoja alirudia safari hiyo mara kadhaa wa kadhaa tangu jua linachomoza hadi linapotua.

Mchana kutwa wapiga mbizi hawakula chakula kizito, kwa kuwa tumbo lililojaa huifupisha pumzi. Walianza siku kwa tende na kahawa, na mlo wa wali na samaki ukangoja usiku. Maji ya kunywa yalipopungua, Bahrain ilikuwa na neema yake ya pekee, kwani chini ya bahari katika sehemu mbalimbali zilikuwapo chemchemi za maji baridi zilizobubujika katikati ya maji ya chumvi, na wapiga mbizi walishuka na viriba vya ngozi, wakavikinga kwenye mdomo wa chemchemi, wakavifunga na kupanda navyo. Hata hivyo, neema hiyo haikuzuia maradhi. Viwambo vya masikio vilipasuka, macho yaliumwa kwa chumvi na mwanga, ngozi ilijaa vidonda visivyokauka, na kiseyeye, ugonjwa wa fizi unaoletwa na ukosefu wa matunda na mboga, kiliwapata wengi kabla msimu haujafika mwisho. Papa nao walikuwapo, ingawa kwa hesabu ya miaka mingi njaa na maradhi viliwadhuru watu kuliko papa.

Chaza waliopatikana hawakufunguliwa na aliyewaleta. Walimwagwa pamoja sitahani, wa huyu na wa yule, wakaachwa usiku kucha, na alfajiri ya siku iliyofuata mabaharia wote walikaa kuzunguka rundo hilo, kila mmoja na kisu kifupi, wakawafungua mbele ya macho ya nahodha. Kila lulu ilikabidhiwa kwake, naye akaifunga katika kitambaa na kuitia sandukuni. Kwa utaratibu huo hakuna mpiga mbizi aliyeweza kujua kama ile iliyokuja kuuzwa kwa fedha nyingi ilitoka katika kikapu chake, na huenda wengi walimaliza maisha yao ya baharini pasipo kuishika kiganjani lulu waliyojua kwa hakika kuwa ndiyo waliyoitoa. Utaratibu wenyewe ulitetewa kuwa ni wa kugawana bahati, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyokuwa, kwa sababu mapato ya msimu yaligawanywa kwa mafungu baada ya kuondoa gharama za chombo na chakula: kwa desturi iliyoenea mpiga mbizi alipata mafungu matatu na mvutaji mawili. Kasoro yake ilikuwa kwamba bei aliyeijua ni nahodha peke yake na tajiri aliyemkopesha.

Hapo ndipo deni lilipoingia. Kabla ya msimu mpiga mbizi alipewa karadha ya kuiachia familia yake, na miezi ya baridi, isiyokuwa na kazi, alipewa nyingine, na zote zikaandikwa na mkopeshaji katika lugha ya hesabu ambayo mkopaji hakuweza kuisoma. Nahodha naye alidaiwa na tajiri wa nchi kavu, kwa hiyo deni lilishuka ngazi kwa ngazi hadi likamwangukia aliyekuwa chini ya wote. Mdaiwa hakuruhusiwa kumhama nahodha wake kabla ya kulipa, na alipofariki, katika sehemu nyingi za Ghuba watoto wake wa kiume au ndugu zake walitazamiwa kuingia baharini mahali pake. Paul Harrison, daktari wa misheni ya Kimarekani aliyewatibu watu wa pande hizo, aliyaeleza mambo hayo kwa uchungu katika kitabu chake The Arab at Home cha mwaka 1924, na maelezo yake yanalingana na yale ya watumishi wa serikali ya Uingereza, ambao kwa mengine hawakuwa na desturi ya kuwahurumia maskini.

Utajiri uliozalishwa na deni hilo ulikuwa mkubwa ajabu. John Gordon Lorimer, aliyekusanya habari za Ghuba kwa niaba ya serikali ya Uingereza ya India mwanzoni mwa karne ya 20, alihesabu vyombo vya lulu zaidi ya 4,500 na watu wapatao 74,000 katika Ghuba nzima, na kati ya hivyo Bahrain peke yake ilikuwa na vyombo 917 na watu 17,633. Lulu zilipofika nchi kavu zilipitishwa katika machujio ya shaba yaliyopangwa moja juu ya jingine, lenye matundu makubwa likiwa juu, zikatengwa kwa ukubwa katika makundi yaliyoitwa kichwa, tumbo na mkia. Kisha mchuuzi, aliyejulikana kwa jina la tawwash, alizimwaga juu ya kitambaa chekundu, akazikagua moja moja kwa umbo, rangi na mng'ao, na zile bora kuliko zote zikapewa daraja la jiwan. Kutoka hapo nyingi zilikwenda Bombay, ambako zilitobolewa na kutungwa, ndipo zikaendelea hadi Paris, London na New York. Jacques Cartier, wa nyumba mashuhuri ya sonara ya Paris, alisafiri hadi Ghuba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuzitafuta penye chimbuko lake, na mwaka 1917 nyumba hiyohiyo ilijipatia jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili pamoja na dola 100. Jumba zima la mawe katikati ya jiji hilo lilikuwa na thamani sawa na vitu ambavyo mtu angeweza kuvificha kiganjani, na ambavyo vilitolewa baharini na watu wasiokuwa na uwezo wa kununua gunia la mchele bila kukopa.

Miongoni mwa watu hao walikuwamo Waafrika wengi, na sura hii ya historia inawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mahitaji ya lulu na tende yalipopanda katika masoko ya dunia katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahitaji ya nguvu kazi yalipanda pamoja nayo, na mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake Slaves of One Master cha mwaka 2015, ameonyesha jinsi biashara hizo mbili zilivyoupa utumwa wa Ghuba uhai mpya wakati mataifa ya Ulaya yakidai kuwa yanaukomesha. Mkataba wa 1873, ambao Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alilazimika kuutia sahihi na kulifunga soko la watumwa la Unguja, haukuikata biashara hiyo mara moja. Watu waliendelea kuvushwa kwa siri, na wale waliokwisha kuvushwa walibaki walikokuwa. Mtumwa aliyefanywa mpiga mbizi alihatarisha uhai sawa na mwenzake aliye huru, ila msimu ulipokwisha fungu lake lilichukuliwa na bwana wake. Kwa mpiga mbizi huru lulu iliyeyuka katika deni. Kwa mtumwa haikuwahi kuwa yake hata kwenye karatasi.

Alama za watu hao bado zinasikika. Katika Bahrain, Oman, Kuwait na Umoja wa Falme za Kiarabu huchezwa ngoma iitwayo lewa, yenye nzumari na ngoma kubwa, na katika baadhi ya nyimbo zake yamo maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wa leo huyarithi zaidi kwa sauti kuliko kwa maana. Fijiri, ambao ni muziki wa wapiga mbizi wenyewe wenye sauti nzito za kuitikia, makofi na midundo ya mitungi ya udongo, ulikuzwa katika nyumba za kukutania mabaharia zilizoitwa dar, ambamo walio huru na waliokuwa watumwa waliimba pamoja, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mabadiliko ya kwanza ya kweli yalikuja katika miaka ya 1920. Baada ya Sheikh Isa bin Ali kulazimishwa na Waingereza kumwachia madaraka mwanawe Hamad mwaka 1923, yalipitishwa mageuzi yaliyowataka manahodha wampe kila mpiga mbizi daftari lake la hesabu na kupunguza uhuru wa wakopeshaji kumrundikia mtu madeni. Matajiri waliyapinga, jambo lisiloshangaza; cha kusikitisha zaidi ni kwamba hata baadhi ya wapiga mbizi waliyaogopa, kwa kuwa karadha ilipowekewa kikomo, chakula cha miezi ya baridi nacho kilipungua, na mwaka 1932 manung'uniko yao yalifikia ghasia zilizomwaga damu. Utumwa ulipigwa marufuku rasmi nchini Bahrain mwaka 1937. Kwa hiyo madaftari na uhuru vilifika, lakini vilifika wakati lulu yenyewe ilikuwa inakufa.

Kifo hicho kilikuwa na sababu kadhaa zilizoandamana. Nchini Japani, Kokichi Mikimoto alikwisha kupata lulu za nusu duara kwa kufuga chaza mwaka 1893, na katika miaka ya 1920 lulu za duara kamili za kufugwa zilimiminika Ulaya kwa bei ambayo mpiga mbizi wa Ghuba asingeweza kushindana nayo. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliwaondoa wanunuzi matajiri, na mnamo Juni 1932, mwaka uleule wa ghasia, mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Jebel Dukhan, yakawapa vijana kazi ya mshahara wa mwezi usiokuwa na papa wala mkopeshaji. Baada ya uhuru wa India mwaka 1947, soko la Bombay nalo lilibanwa na kodi. Mmoja wa walioishuhudia kazi hii ikizimika ni baharia na mwandishi wa Australia Alan Villiers, ambaye mwaka 1938 na 1939 alisafiri katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi hadi Zanzibar na kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo Kuwait na kuyaona majahazi ya lulu yakiwa kazini, yakiwa yamebaki machache na mabaharia wake wakiwa wamezama katika madeni yaleyale.

Bahrain ilichukua hatua moja ambayo wakati ule ilionekana kuwa ukaidi usio na faida: ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa lulu za kufugwa katika ardhi yake, na marufuku hiyo haijaondolewa hadi leo. Bila hiyo, pasingekuwapo kitu cha kufufua, kwani soko lililojaa lulu za kufugwa haliwezi kumhakikishia mnunuzi kwamba anachokilipia kimetoka kwenye mwamba wa bahari. Mwaka 1990 ilianzishwa maabara ya kupima lulu na vito, na mwaka 2017 nafasi yake ikachukuliwa na taasisi iitwayo DANAT, ambayo huzipiga lulu eksirei na kuzichunguza tabaka zake za ndani bila kuzipasua, kwa sababu kwa nje lulu ya asili na ya kufugwa zaweza kumdanganya hata sonara mzoefu.

Upande wa utamaduni ulikuwa umetangulia. Mwaka 2012 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mafungu matatu ya chaza, yaani Hayr Bulthama, Hayr Bu Amama na Hayr Shtayya, pamoja na sehemu ya ufuo, ngome ya Bu Mahir na majengo 17 ya mji wa Muharraq, yote yakiunganishwa na njia ya miguu ya takriban kilomita tatu na nusu. Ubora wa urithi huu umo katika kuhifadhi nyumba za daraja zote. Mgeni huiona nyumba ya ukoo wa Siyadi, wafanyabiashara wakubwa wa lulu, yenye nakshi za chokaa na vioo vya rangi, na katika njia hiyohiyo huikuta nyumba ya mpiga mbizi, vyumba vidogo vilivyobanana kuzunguka ua mwembamba, na kwa kutembea kati ya hizo mbili huelewa mgawanyo wa mapato kuliko ambavyo angeelezwa na jedwali lolote. Dari za nyumba za zamani za Ghuba, pamoja na za Muharraq, zilibebwa na boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na Rufiji, na urefu wa boriti hizo ndio uliokuwa ukipanga upana wa vyumba.

Upigaji mbizi wa leo umeanzia hapo. Tangu 2017 serikali ya Bahrain imekuwa ikitoa leseni kwa wenyeji wanaoifanya kazi hii kwa riziki au kwa mapenzi, na imewafungulia wageni safari za mashua zilizosajiliwa, ambamo kila mzamiaji huruhusiwa kuchukua chaza wasiozidi 60. Chaza hao hufunguliwa na aliyewatoa, na lulu itakayopatikana ni yake. Sheria hiyo fupi imebadilisha kazi kuliko mitungi ya hewa na injini za mashua zilivyoibadilisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu anayeshuka ndiye anayefungua, ndiye anayeona, na ndiye anayeamua kuuza au kutouza. Mapato yake si ya kutegemewa, na wengi wa wenye leseni wana kazi nyingine nchi kavu, lakini yule anayepata lulu nzuri huweza kuipeleka DANAT, akapewa cheti, na akakaa na mnunuzi akiwa anajua anachokiuza.

Kuwait ilifuata njia nyingine. Tangu 1986 vijana wa nchi hiyo husafiri karibu kila kiangazi kwa majahazi ya mbao yaliyotolewa zawadi na Emiri wao, wakazamia kwa jiwe, kamba na kibanio cha pua, wakifundishwa na wazee, kisha wakapokewa ufukweni kwa ngoma kama zamani. Ni sherehe zaidi kuliko biashara, na umuhimu wake uko katika mikono: namna ya kuishika kamba na kuisoma mitikisiko yake haiwezi kujifunzwa kwenye jumba la makumbusho.

Hatari kubwa sasa inatoka baharini kwenyewe. Bahrain imefukia sehemu kubwa ya maji yake ya kina kifupi ili kupata ardhi ya kujenga, na tope linalotimuliwa na mashine za kuchimba huwafunika chaza na nyasi za bahari; ufuo wa Bu Mahir ni miongoni mwa vipande vichache vya ufuo wa asili vilivyosalia Muharraq. Nyingi kati ya zile chemchemi za maji baridi zimekauka kwa sababu ya visima vilivyochimbwa nchi kavu. Joto la Ghuba, ambalo tangu hapo lilikuwa karibu na ukomo wa uvumilivu wa viumbe, liliunguza matumbawe ya Bahrain mwaka 1996 na tena 1998. Leseni na vyeti havitakuwa na maana ikiwa mafungu ya chaza yatakufa, na kuyalinda hakuwezi kwenda sambamba na ufukiaji usio na mwisho.

Liko pengo jingine ambalo haliwezi kuzibwa na Bahrain peke yake. Nyumba, nyimbo na kamba zimeheshimiwa; watu walioletwa kwa nguvu bado hawajapewa nafasi inayowastahili katika simulizi ya lulu. Habari zao zipo. Waliotoroka mabwana zao walifika katika ofisi za mawakala wa Uingereza huko Bahrain, Sharjah na Muscat kuomba hati za uhuru, na makarani waliandika kwa kifupi jina la kila mmoja, mahali alipozaliwa, namna alivyokamatwa na kazi aliyofanyishwa. Wapo waliotaja Zanzibar na pwani ya Waswahili kuwa ndiko kwao, na bahari ya lulu kuwa ndiko walikotumikishwa. Karatasi hizo zimo katika kumbukumbu za Ofisi ya India zinazohifadhiwa kwenye Maktaba ya Uingereza, London, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo za Ghuba inasomeka bure katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyozinduliwa mwaka 2014. Wanahistoria wa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wana lugha, wana majina ya koo na wana ujuzi wa vijiji vinavyotajwa humo, kwa hiyo wazisome, wawatafute watu hao, na waiandike habari yao kwa Kiswahili.